Nyuma ya Milango ya Vieux Lyon

Mtu wa Unguja akifika Lyon, macho yake yatapanda kwanza juu ya kilima cha Fourvière, kwenye kanisa jeupe lenye minara minne lililoanza kujengwa mwaka 1872. Ayateremshe. Hilo ni la juzi. Mji wa kale hasa, Vieux Lyon, umejibanza chini ya kilima, ukingoni mwa mto Saône, nao hauna haja ya kuonekana kwa mbali. Una mitaa mitatu inayofuatana kutoka kaskazini kwenda kusini: Saint-Paul, Saint-Jean na Saint-Georges. Kwa miguu unaweza kuimaliza yote kabla jua halijawa kali, na usiwe umeona kitu, kwa sababu vya kuonwa viko nyuma ya milango.

Aliyenipitisha kwenye milango hiyo ni fundi umeme, mzaliwa wa Bukavu, aliyehamia Ufaransa ujanani. Nilielekezwa kwake na jamaa wa Nairobi aliyewahi kusoma huku. Sikutegemea kwamba mtu wa nyaya na swichi atakuwa mwongozaji bora kuliko wale wanaotembea na kibendera mkononi, huku kundi la wazungu likiwafuata. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwongozaji wa watalii anazijua tarehe. Fundi anajua nani anaishi ghorofa ya tatu, paa gani linavuja, na bili ya taa ya uani inalipwa na nani. Mimi nimekulia Kiponda, Unguja, katika nyumba ambayo kila masika tulisogeza vitanda kukwepa matone, kwa hiyo maswali yangu yalikuwa ya namna hiyohiyo.

*Rue Saint-Jean, nambari 54, saa mbili asubuhi*

"Sukuma tu, mzee, iko wazi."

Mlango ni wa mbao, hauna nakshi, rangi imefifia. Ukiupita bila habari utadhani ni stoo ya duka. Ndani kuna ubaridi na giza, dari ya matao, visanduku vya barua ukutani, mapipa ya taka, baiskeli iliyofungwa kwa mnyororo. Kisha mwanga unashuka kutoka juu na unajikuta uani. Kisha giza tena, ua mwingine, ujia mwingine, hadi unatokea Rue du Bœuf nambari 27, ambayo ni barabara nyingine kabisa, na hukugeuka kona hata moja. Njia za namna hii wenyeji huziita traboule, na hii ndiyo ndefu kuliko zote katika mji wa kale.

Sababu yake ni ardhi. Kati ya kilima na mto pana upana wa mita mia chache tu, na urefu unaozidi kilomita moja. Barabara zikapangwa kuufuata mto, moja sambamba na nyingine, na za kukatiza kutoka moja hadi nyingine zikawa haba, maana kila hatua ya ardhi ilikuwa pesa. Mtu aliyetaka kutoka barabara ya kilimani kwenda mtoni angelazimika kuzunguka mtaa mzima. Nyumba zenyewe ndizo zikageuzwa njia.

Sisi wa pwani tunavyo vipito vyetu pia, ila vyetu hupita juu. Lamu utaona wikio, chumba kilichorushwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Na Sultani Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliiunganisha na majumba ya jirani kwa vipito vya juu, ili wanawake wa kifalme waende na kurudi bila kukanyaga barabara. Wikio humficha mwenye nyumba asionwe na mpita njia. Traboule humpitisha mpita njia katikati ya nyumba ya mtu.

Kwa sababu hiyo mguu ulikuwa mzito kila kizingitini. Sikuzoea kuingia ua wa watu bila hodi, tena wenyewe wako juu wanakunywa kahawa, dirisha wazi. Ukutani pana kibao kinachoomba wapitao wasipige kelele kwa kuwa humu mnaishi watu. Mwenzangu alimsalimia kila tuliyepishana naye: bibi mwenye kikapu, mpeleka vifurushi, hata mbwa mmoja mnene aliyelala chini ya ngazi. Bibi aliitikia. Akatuuliza kama tumekuja kwa ajili ya ile balbu ya ghorofa ya pili.

*Ua*

Huko nyumbani utajiri wa tajiri uliwekwa mlangoni. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ulimtangaza mwenyewe kabla hujamwona: minyororo kwenye miimo, mayungiyungi, misumari ya shaba, mwaka wa ujenzi na aya juu ya kizingiti. Ukuta wa pembeni mtupu, chokaa basi. Vieux Lyon mlango umenyamaza na ua ndio unaosema. Ukiinua kichwa unaona roshani za mawe zenye matao, ghorofa juu ya ghorofa, na katika kona pamesimama mnara wa mviringo ambao ndani yake ngazi inajisokota hadi paani. Maarufu zaidi ni ule wa Rue du Bœuf nambari 16, uliopakwa rangi ya waridi iliyoiva. Watu hupanga foleni kuupiga picha.

Mimi nilivutwa zaidi na ua wa Rue Juiverie, nambari 8. Mwaka 1536 mwenye nyumba ile, Bullioud, alikuwa na majengo mawili yaliyotazamana na haja ya kuyaunganisha, lakini hakutaka ua wake mdogo uliwe na nguzo wala kisima kizibwe. Kazi akapewa kijana mwenyeji wa Lyon aliyekuwa amerejea karibuni kutoka Roma, Philibert de l'Orme, ambaye baadaye angekuwa msanifu wa wafalme. Alifanya nini? Alitoa vibanio vya mawe kwenye kona mbili, kila kimoja kikipanuka kadiri kinavyopanda, na juu yake akalaza ujia wenye nguzo fupi na madirisha. Chini hapaguswi kitu. Nilimwona fundi wangu akilitazama jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mimi, ingawa bila shaka amepita pale mara nyingi.

"Huyu hakuiba saruji," alisema.

Waliojenga hivi hawakuwa wakulima. Lyon ilikuwa mji wa magulio. Mwaka 1420 ilipewa haki ya kufanya gulio, na katika miaka ya 1460 Mfalme Louis XI akaifikisha idadi kuwa magulio manne kwa mwaka, makusudi kuzinyang'anya fedha zilizokuwa zikimiminika Geneva. Wafanyabiashara wa Florence, Lucca, Genoa na Milan wakaja na hariri, viungo na vitabu vyao vya hesabu, wakajenga kama walivyojenga kwao. Ndio maana rangi za kuta hapa ni za Italia, manjano ya udongo na wekundu wa tofali, katika nchi ambayo miji yake mingi ni ya kijivu. Jumba la Gadagne, ambalo leo ni makumbusho ya historia ya mji na ya vikaragosi, limechukua jina la mabenki wa Florence waliokuwa matajiri kupita kiasi. Mwaka 1536 François I akaruhusu hariri ifumwe hapahapa badala ya kununuliwa Italia. Na mwaka 1555 Henri II alikusanya madeni yake makubwa ya Lyon kuwa mkopo mmoja, akaahidi riba nono. Haikupita miaka mingi malipo yakasimama, na wengi waliomkopesha wakabaki na karatasi.

Nikisoma habari hizi nilikuwa nikiiona Unguja ya Seyyid Said. Mtawala anayevuta biashara kwa upendeleo wa kodi, Wahindi wa Kachi wanaoshika forodha na mikopo, Wahadhrami na Waomani wanaojenga kwa mtindo wa kwao na mawe ya kwetu. Tofauti moja haifai kupitwa kimya. Katika bidhaa zilizojenga nyumba za Shangani na Malindi, pamoja na karafuu na pembe, walikuwamo watu waliouzwa. Huko Lyon jasho lililojenga lilikuwa la wafumaji, na wao walihama na mashine zao: karne ya 19, mtambo wa Jacquard ulihitaji dari za juu kuliko za Saint-Jean, wakapanda kilima cha pili, Croix-Rousse, ambako mwaka 1831 waliteremka na silaha kudai bei ya haki ya kazi yao. Mji wa kale ukabaki na mafundi wadogo, wapangaji na panya.

*Montée du Gourguillon*

Njia hii inapanda kilimani kwa mwinuko unaomkumbusha mtu umri wake. Ilikuwa barabara kuu ya kuingilia mjini tangu zama za Warumi, ambao mji wao, Lugdunum, ulianzishwa juu kule mwaka 43 kabla ya Kristo. Njiani pana kijia kilichoziba mwisho, Impasse Turquet, chenye vibaraza vya mbao vilivyoegemea ukuta, vimepinda lakini vimesimama.

Novemba 1305 papa mpya, Clement V, alitawazwa Lyon na kuteremka kwa maandamano. Watu walikuwa wamejazana juu ya ukuta kumtazama. Ukuta ukaanguka. Papa alitupwa chini na farasi. Jean II, mtawala wa Bretagne, aliyekuwa akimwongoza farasi huyo, alikufa siku chache baadaye kwa majeraha. Na usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1930, kilima chenyewe, kilichokunywa maji ya mvua kupita kiasi, kiliporomoka juu ya nyumba za Saint-Jean. Wazimamoto walikwenda kuokoa, udongo ukashuka kwa mara ya pili. Walikufa watu wapatao 40, karibu nusu yao ni wazimamoto.

Nilimsimulia mwenzangu ya Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katikati ya matengenezo, upande mmoja ulianguka mchana kweupe na mafundi wawili wakafa. Hakuwa na habari hiyo. Aliuliza ukuta ulikuwa wa nini. Matumbawe na chokaa, nikamwambia, na boriti za mikoko. Akauliza maji yalikuwa yakiingilia wapi. Lilikuwa swali la fundi, na ndilo swali lenyewe. Nyumba ya matumbawe haifi kwa uzee. Inakufa kwa paa. Maji yakishapita chokaa yakafika kwenye boriti, mti unaoza kimyakimya miaka kumi, ishirini, halafu siku moja sakafu inashuka na kila mtu anasema imeanguka ghafla.

*1964*

Jambo nililolijia Lyon ni mwaka mmoja. Tarehe 12 Januari 1964 Zanzibar ilipinduliwa. Mei ya mwaka huohuo serikali ya Ufaransa iliitangaza Vieux Lyon kuwa eneo la kuhifadhiwa, la kwanza nchini humo. Miji miwili ya mawe, isiyojuana, kila mmoja ukabadilishwa wenyewe ndani ya miezi minne.

Hali ya Vieux Lyon kabla ya hapo ilikuwa mbaya kuliko watalii wanavyofikiri. Miaka ya 1950 ulikuwa mtaa wa watu wa hali ya chini. Familia zilipanga chumba kimoja, choo kiko kwenye ngazi kwa ghorofa nzima, nyua zilijengewa mabanda, roshani zile za matao zikazibwa kwa matofali ili kupata jiko. Mameya walioutazama waliona ugonjwa. Louis Pradel, aliyeongoza jiji kuanzia 1957 hadi alipofariki 1976, alikuwa mtu wa zege na barabara pana, na alitaka kukatiza mtaa huu kwa barabara ya magari. Waliomzuia ni wakazi waliokuwa na chama chao tangu 1946, Renaissance du Vieux Lyon, ambacho sauti yake iliyosikika zaidi ilikuwa ya mwandishi wa habari Régis Neyret. Walimpata mshirika Paris: waziri wa utamaduni, André Malraux, aliyepitisha sheria ya tarehe 4 Agosti 1962 iliyoruhusu kulindwa kwa mtaa mzima badala ya kasri moja au kanisa moja. Miaka miwili baadaye hekta 24 hivi za Vieux Lyon zikawa za kwanza. Pradel alipata barabara yake pengine: handaki la Fourvière, lililofunguliwa 1971, linapita chini ya kilima na kuwatapika madereva kwenye foleni ya upande wa pili.

Hadithi hiyo huishia hapo katika vipeperushi. Fundi wangu aliiendeleza. Mawe yalipooshwa na matofali ya roshani yalipobomolewa, kodi ilipanda, na waliokuwa wakichangia choo hawakurudi. Kazi ilichukua miongo, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba iliyopona ilibadilisha majina kwenye kengele za mlangoni. Wakati huohuo maghorofa marefu yalikuwa yakiota pembezoni mwa jiji, La Duchère, Minguettes. Aliyekosa nafasi huku alipata nafasi kule.

Kwetu ilikwenda kinyume. Mapinduzi yaliwaondoa wengi wa wenye nyumba, waliouawa, waliokimbilia Omani na Uingereza, au waliobaki bila kitu. Nyumba zikataifishwa, na ndani yake wakapewa vyumba watu kutoka mashamba na Pemba, ambao baba zao wasingepita mlango ule isipokuwa wamebeba mzigo. Mimi siwezi kuliita hilo kosa. Familia yangu ni ya waliobeba mzigo. Lakini nyumba ya Kiponda iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja wenye watumishi wa kupaka chokaa kila baada ya masika sasa ilikuwa na kaya saba, na kila kaya ilitunza chumba chake. Chumba chetu kilifagiliwa kila asubuhi. Mlango ulisuguliwa kwa mafuta ya nazi sikukuu zikikaribia. Paa halikuwa la mtu.

Serikali, Wakfu, wenye hati, wapangaji, warithi walioko Muscat: kila mmoja alikuwa na neno juu ya nyumba na hakuna aliyekuwa na zamu ya kupanda juu na ndoo ya chokaa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, ilirithi majengo yapatayo 1,700, mengi yakiwa taabani. Kazi nzuri zimefanyika, sikatai. Ile zahanati ya zamani ya Malindi yenye roshani za kijani ilifufuliwa miaka ya 1990 kwa fedha za Aga Khan, na UNESCO ikauandikisha mji mwaka 2000, miaka miwili baada ya Lyon. Nyumba nyingine zimeokolewa na mahoteli, na hapo ndipo tunapoanza kufanana na Wafaransa, maana sijamwona mtu wa Pemba akinywa juisi kwenye paa la hoteli ya Hurumzi isipokuwa anayeileta.

Kwa hiyo Lyon iliokoa mawe na watu wakaenda zao. Unguja iliwaweka watu na mawe yakaenda zake. Ningependa kusema kuna mji uliopata yote mawili. Vieux Lyon siyo huo.

Lakini kuna kitu kimoja nilikitamani, nacho hakimo kwenye picha. Nilimuuliza fundi: wewe ukibadilisha taa ya uani, nani anakulipa? Akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Nyumba moja ina wenyewe wengi, kila mmoja na fleti yake. Sheria ya 1965 inawalazimisha wawe chombo kimoja: wakutane angalau mara moja kwa mwaka, wawe na msimamizi, wachange kulingana na ukubwa wa sehemu ya kila mmoja kwa ajili ya vile visivyo vya mtu, yaani ngazi, ua, mabomba na paa. Wanagombana sana kwenye mikutano hiyo, alisema, bibi mwenye kikapu hasa. Mwishowe wanapiga kura na kazi inafanyika. Na kwa nyumba zenye traboule inayopitwa na wageni, jiji lina mapatano na wenyewe: ninyi mnaacha mlango wazi mchana, sisi tunasaidia gharama za usafi na taa na matengenezo ya njia.

Mapatano hayo yangeandikwa Zanzibar kwa lugha rahisi kabisa na kubandikwa kwenye milango ya Sokomuhogo, nadhani yangefanya kazi kuliko semina tatu za urithi wa dunia. Wazee wa mtaa wetu walikuwa wakichangishana kwa maiti, kwa harusi na kwa kisima. Kwa paa hawakuchangishana kwa sababu hawakuambiwa kamwe kuwa ni lao.

*Yaliyobaki daftarini*

Kanisa kuu la Saint-Jean lilianza kujengwa karne ya 12 na kumalizika karne ya 15, kwa hiyo lilianza kwa matao ya duara na kuishia kwa matao yaliyochongoka. Henri IV alimwoa Marie de Médicis humo Desemba 1600. Usoni mwake sanamu nyingi hazina vichwa. Walivivunja askari wa Kiprotestanti mwaka 1562. Ndani kuna saa ya nyota inayotajwa kwenye maandishi tangu 1383. Nilikaa humo muda mfupi.

Place du Change: jengo lililokuwa soko la fedha, lililotengenezwa upya na Soufflot katikati ya karne ya 18, mabenki walipokwisha kuondoka walipewa Waprotestanti wasali. Wanasali bado. Nililipenda jengo hilo kwa kutobomolewa.

Ukingoni mwa mto, mahakama ya zamani yenye nguzo 24. Humo ndimo alimohukumiwa Klaus Barbie mwaka 1987, mkuu wa Gestapo katika Lyon, zaidi ya miaka 40 baada ya aliyoyatenda. Wapinzani wa Wajerumani waliutumia mji huu kwa kuzijua traboule ambazo adui hakuzijua: unaingia mlango mmoja ukifuatwa, unatokea barabara nyingine peke yako. Fundi alinyamaza mbele ya nguzo hizo. Baadaye aliniambia kwamba Bukavu nako wapo waliosubiri mahakama, na wengine wanasubiri hadi leo.

Chakula. Migahawa ya kienyeji hapa inajulikana sana, na kwa Mwislamu ni mtihani, maana nguruwe yuko kwenye soseji, kwenye saladi, na hata kwenye mafuta. Mhudumu tuliyempata alikuwa muungwana. Alisoma menyu yote akiondoa mstari baada ya mstari kwa kalamu mpaka ikabaki quenelle, aina ya kinyunya cha unga, mayai na samaki wa mtoni, kilichookwa kwenye mchuzi. Kizito, kinashibisha, kinaomba pilipili ambayo hawana. Kabla yake walileta jibini laini iliyopondwa na vitunguu majani, wanayoiita ubongo wa mfumaji. Hakuna ubongo ndani. Pipi za lozi zenye rangi nyekundu ziko kila dirisha la duka, kama vile kwetu vilivyo vikapu vya viungo Forodhani na Darajani, na nadhani wenyeji wanazila kwa kadiri ileile sisi tunavyonunua viungo vya kwenye vikapu.

Visanduku vidogo vya funguo, vile vya nyumba za kulala wageni usiku mmoja mmoja, vimening'inia Rue Saint-Georges kama vinavyoning'inia Shangani.

*Mstari D*

Jioni tulishuka kituo cha chini ya ardhi cha Vieux Lyon. Treni za mstari huo hazina dereva. Ukikaa mbele kabisa unaliona handaki likikujia usoni. Mstari unapita chini ya mto, Bellecour, halafu Guillotière, unaendelea mpaka Vénissieux, ambako fundi anaishi na mkewe na watoto watatu katika ghorofa ya nane.

Nilimuuliza, kwa kuwa anazijua nyua zote zile na amezitia mwanga, kama angepewa fleti kwenye mnara wa ngazi za kuzunguka, angehamia?

"Kwa kodi ya pale, mzee? Mshahara wangu wote na wa mke wangu juu yake."

Ukipewa bure, nikasema.

Akafikiri toka Bellecour. Aliniambia kwao kuna lifti, kuna joto la pamoja wakati wa baridi, kuna shule chini ya jengo, na siku ya anga safi dirishani wanaona milima ya Alps. Mwaka jana alibeba mashine ya kufulia ya bibi mwenye kikapu hadi ghorofa ya tatu, yeye na kijana mwingine, kwa ngazi za mwaka elfu moja mia tano na kitu, zilizolika katikati hadi mguu unateleza. Iliwachukua asubuhi nzima.

"Na friji yangu ni kubwa," alisema. "Ile ya milango miwili. Wewe niambie itapita wapi."

Tuliteremka Guillotière kwanza, kwa kuwa mkewe alikuwa ameagiza sombe na mawese, na maduka yanafunga mapema.